Fundi Ndiye Hutangulia Kusema

Jumatatu, 17 Machi 2025

Daftari hili kalileta shangazi Gladys, kwa hiyo nikiandika upuuzi ndani yake, lawama tugawane. Amesema kila chuo nitakachokwenda kukitazama niandike nilichokiona kwa macho, si nilichoambiwa. "Watu wa vyuo wana midomo," amesema, "na wewe ukionyeshwa picha waamini." Mimi si mwepesi wa kuamini. Ila shangazi ni karani wa ofisi ya kutoa mizigo bandarini, pale Kipevu, na amezoea kusema na kila mtu kana kwamba amekosea kujaza fomu.

Basi niyaweke mambo wazi. Naitwa Kafedha Nyale, nina miaka ishirini na mmoja, na tangu nimalize kidato cha nne nafanya kazi katika gereji ya baba hapa Miritini, kando ya barabara, malori yanapopumzikia. Baba ana miaka thelathini na miwili ya ufundi wa malori na hana cheti hata kimoja. Ana nondo. Ni kipande cha chuma urefu wa mkono. Ncha moja huiweka kwenye injini, ya pili sikioni, anafumba macho, kisha anasema: pampu ya maji, au beringi ya tatu, au hamna kitu, nenda zako. Madereva hutoka mpaka wa Malaba wakiulizia Nyale wa nondo.

Shangazi ataka niingie chuo mwezi wa tano nisomee umakanika. Baba hataki. Mimi nataka, ila sijamwambia baba kwa kinywa changu.

Mvua bado.

Jumatano, 19 Machi

Joto la kutoa roho. Spana ukiisahau juani huishiki tena. Menza amemfokea baba mbele ya watu.

Ijumaa, 21 Machi

Shangazi hazijui sheria za gereji, nami ndizo zinizuiazo, kwa hiyo nitaziandika.

Mwanagenzi mwaka wa kwanza hushika tochi na kupokeza spana. Mwaka wa pili hufungua nati na kuosha vyuma kwa dizeli. Halafu iko sheria moja kubwa kuliko zote: gari likisikilizwa, fundi ndiye hutangulia kusema. Ukimtangulia umemvunjia heshima mbele ya mwenye gari, na mwenye gari akiona mafundi wawili wana maneno mawili, huwasha akaenda gereji ya jirani. Mwaka jana nilijisahau, nikasema "ni ukanda wa feni" kabla baba hajaitoa nondo sikioni. Ulikuwa ukanda wa feni kweli. Baba hakunipiga wala hakunitukana. Alinirudisha kwenye tochi siku kumi na nne, kama mtu aliyekuja jana. Sijarudia.

Menza yeye naona sheria hazimhusu. Ndiye fundi wa pili. Alikuja kwetu nikiwa darasa la tatu, baba akamfunza kila anachokijua. Siku hizi anamsimamia baba uso kwa uso anapayuka kama anaita mtu ng'ambo ya kivuko: "MZEE! NATI YA NGAPI?" Na baba, aliyenipa mimi wiki mbili za tochi kwa maneno manne, anamjibu kwa upole. Shukrani ya punda ni mateke.

Jumanne, 25 Machi

Chuo cha kwanza. Kiko Changamwe, orofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Tumepokewa na kijana mwenye tai. Diploma miezi sita, amesema, na kazi bandarini ni ya uhakika. Shangazi akamuuliza uhakika huo umeandikwa wapi. Akacheka. Shangazi hakucheka.

Nikaomba kuona injini. Wanayo moja, imepakwa rangi nyekundu na buluu, imekatwa ubavu ili matumbo yaonekane, na imezungushiwa kamba. Wanafunzi hawaruhusiwi kuigusa. Chumba kizima hakina harufu ya oili. Mwalimu alipokuja kutusalimia nilimtazama kucha: nyeupe, safi kuliko zangu nikienda kanisani. Sikuuliza tena.

Nje, shangazi akasema, "Andika hiyo ya kucha." Nimeiandika.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua ya kwanza. Imekuja saa tisa alasiri, nzito, na gereji yetu ni mabati juu na mabati ubavuni, kwa hiyo ikinyesha hakuna anayemsikia mwenziwe. Tukawa tunasemezana kwa mikono, mimi, Menza, na madereva wawili waliokuja kujikinga. Baba alicheka kuliko wote. Alikuwa anaiga jinsi dereva mmoja anavyojaribu kuagiza chai kwa ishara, hadi Menza akashikilia mbavu. Miezi mingi sijamwona baba na furaha hiyo. Kila mwaka watu husema mvua inaharibu biashara, naye anaipenda hivyo.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Malori machache. Nimekula pilau ya jirani hadi nikashindwa kuinama.

Jumatano, 2 Aprili

Chuo cha pili, cha serikali, upande wa Kisauni. Nimekwenda peke yangu, shangazi hakupata ruhusa.

Nilikisikia kabla ya kukiona, kuna mtu alikuwa akilikanyagia moto basi bovu nyuma ya ukuta. Karakana yao ina magari manne yasiyotembea, injini sita juu ya meza za chuma, na sakafu imekuwa nyeusi kwa oili. Nikajisikia nyumbani, hata nikaona haya.

Mwalimu wa umakanika ni mwanamke, Mwalimu Jalila, amejifunga ushungi vizuri na juu yake kavaa bwelasuti yenye kiraka gotini. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuacha kufunga nati aliyokuwa akiifunga. Nikamuuliza maswali yote ya shangazi. Mafunzo ni miaka miwili, na muhula mmoja katika kila mwaka unautumikia kwenye gereji ya kampuni. Wanafunzi arubaini, wasichana sita.

"Na wakimaliza huenda wapi?" nikauliza.

"Nikwambie la brosha au la kweli?"

"La kweli, Mwalimu."

"Wengine wako kwenye kampuni za malori. Wengine wamerudi jua kali, gereji za kando ya barabara. Mmoja auza marashi soko la Kongowea, na afanya vizuri kunishinda. Cheti hakikupi kazi, mwanangu. Chakufungulia lango. Siku hizi kampuni kubwa za huko bandarini fundi asiye na karatasi haingii hata getini, awe ni nani. Ukishaingia, hapo ni wewe na mikono yako."

Akanionyesha kidude cha kusomea kompyuta ya gari, unakichomeka chini ya usukani kinaandika ubovu kwa herufi na nambari. Nikamwambia kwamba baba yangu hufanya kazi hiyo kwa nondo. Nilidhani atacheka. Akaniambia, "Kidude hiki hukwambia waya upi unalalamika. Kwa nini unalalamika, hakijui. Babako ajua. Mwambie aje, siku hizi hata fundi wa zamani hupimwa mikono yake akapewa cheti bila kukaa darasani." Akanipa na karatasi ya mambo hayo.

Nimeshachagua. Nilichagua nikiwa bado nje ya ukuta.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimemwambia baba na laiti nisingemwambia.

Alikuwa barazani anakunywa chai, mimi ndani naosha vyombo, mlango wazi. Nikaona hivyo ndivyo rahisi, sitamtazama usoni. Nikasema yote: chuo, miaka miwili, mwezi wa tano, na karatasi yake yeye. Nikamaliza. Kimya. Hata kuguna hakuguna. Nikasema tena, "Baba, wanisikia?" Kimya. Mgongo wake ule pale, kikombe mkononi, kana kwamba ni mbuzi aliyelia.

Mama akatoka chumbani, akamgusa bega. Ndipo akageuka. Mama akamwambia polepole, mbele ya uso wake, neno kwa neno, "Kafedha ataka kwenda chuo."

Baba akaweka kikombe chini. "Chuo watakufunza kulisoma gari," akasema. "Mimi nakufunza kulisikia."

"Naweza kujua yote mawili, baba."

"Na mimi nitabaki na nani?"

Hakusema "utanifaa nini" wala "karo itatoka wapi". Amesema atabaki na nani, kana kwamba mimi ni jeki. Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua. Sijasema na baba. Hajaona tofauti.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Menza kapayuka. Nikamwambia pembeni, "Heshimu mzee aliyekulea." Akaniangalia kama anataka kusema kitu, akaenda kuosha mikono.

Ijumaa, 11 Aprili

Ujumbe umeingia kwenye simu: nimekubaliwa. Kuripoti Jumatatu, tarehe tano Mei. Shangazi ameshangilia ofisini hadi akaambiwa apunguze. Karo yeye na chama cha mama wameshaipanga. Kilichobaki ni fomu kutiwa sahihi na mzazi, na mzazi hasemi.

Jumanne, 15 Aprili

Dancun kapita na trela, limebeba mbolea ya Uganda. Dancun ni mtu wa Voi, mteja wetu tangu nina meno ya maziwa, ndiye aliyekuwa akiniletea machungwa. Analalamika gurudumu la nyuma kushoto linavuma akishika kasi. Tumelipiga jeki, baba kalisikiliza, kasema hamna kitu, ni tairi limeliwa upande mmoja. Dancun amelala hapa hapa stendi anangoja karatasi za mzigo, ataondoka alfajiri.

Nilisikia kitu lilipozungushwa. Baba hakukisema. Basi si kitu.

Jumatano, 16 Aprili

Nitaandika yote, na nitaandika kwa taratibu, maana nikiharakisha nitajitetea.

Saa moja na nusu asubuhi Menza alikuja mbio kutoka barabarani. Mvua ilikuwa imepungua. Akamshika baba mabega mawili akampigia kelele usoni: "DANCUN! MAZERAS! GURUDUMU LIMECHOMOKA!"

Lile gurudumu la nyuma kushoto. Beringi ilishika moto, ikavunjika, tairi zote mbili zikatoka pamoja. Trela likakaa upande, likamvuta hadi mtaroni. Dancun amevunjika mguu mahali pawili na mfupa wa bega. Tairi moja liliteremka peke yake likakivunja kibanda cha mama auzaye mahindi ya kuchoma. Mama huyo alikuwa ameingia ndani kwa mwenziwe kukwepa mvua. Lau kungekuwa kukavu, angekuwa amekufa.

Baba akaketi juu ya ndoo. Akawa anaitazama mikono yake.

Mimi nilikuwa nyuma yake. Nikasema, "Baba, mimi nililisikia." Hakujibu. Nikasema tena. Nikasema mara ya tatu, sasa nalia, nililisikia baba, lilikuwa likisaga kama ugali wenye mchanga, nililisikia nikanyamaza. Mgongo wake ulikuwa uleule wa barazani, siku ile ya vyombo. Na hapo, sijui kwa nini hapo na si miezi yote hiyo, nikaelewa. Nikazunguka nikapiga magoti mbele yake. Nikasema yale yale bila sauti, midomo tu.

Akaisoma midomo yangu. "Lilikuwa likisaga?" akauliza.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Tangu lini, baba?" Hili nalo nikalisema bila sauti.

"Mwaka wa tatu huu," akasema. "Kushoto kulianza. Kulia kumemalizika mwaka jana."

Miaka thelathini na miwili sikio kwenye injini za malori. Siku hizi nondo ikishatoka sikioni huing'ata kidogo, nimemwona mara mia nikadhani ni mazoea tu ya uzee. Injini ikiunguruma huipata mtikisiko kwa meno, na kwa uzoefu wake humtosha. Gurudumu linalozungushwa kwa mkono halitikisi meno ya mtu.

"Basi ulikuwa ukijuaje?" nikamuuliza. "Beringi, magurudumu, yote hayo?"

Akanigusa shavu kwa mkono wenye grisi. "Wewe," akasema. "Nikisikiliza nakutazama uso. Uso wako hauwezi kuficha. Kibovu kikilia unakunja hapa." Akanigusa kati ya nyusi. "Jana ulikuwa na tochi. Mwanga ulinijia machoni. Uso wako sikuuona."

La kusema nilikuwa nalo jana.

Alasiri nilimfuata Menza kwenye mapipa. Mama ajua, Menza ajua, mimi tu ndiye niliyekuwa ndani ya nyumba nisijue. Nikamwomba radhi kwa yote niliyomwazia. Menza akafuta spana moja muda mrefu. "Mimi napayuka ili watu waseme Menza hana adabu," akasema. "Heri waseme hivyo, kuliko waseme Nyale hasikii."

Na ile furaha ya mvua. Mabati yakipigwa, watu wote hawasikii kama yeye.

Alhamisi, 17 Aprili

Niliandika jana kwamba sitajitetea, kumbe nimejitetea. Nimeandika kama kosa ni la masikio ya baba na mwanga wa tochi. Mimi nina masikio mazima. Nilimtazama Dancun akipanda kwenye kabini na ule mlio wa kusaga bado umo kichwani mwangu. Nilijiambia: fundi kasema. Na chini kabisa ya hapo nilikuwa nikiwaza zile siku kumi na nne. Niliogopa tochi kuliko nilivyomhofia mtu.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Tumekwenda hospitali, baba na mimi. Dancun amelala na mguu umetundikwa. Nilidhani baba ataniachia niseme. Akasimama kando ya kitanda, akavua kofia.

"Dancun, mimi sisikii," akasema. Kwa sauti kubwa mno, hajui tena sauti yake ina ukubwa gani. Wodi nzima ikageuka. "Miaka mitatu sisikii. Gurudumu lako sikulisikia. Nilikwambia hamna kitu, na sikuwa na haki ya kukwambia."

Nami nikasema langu, kwamba nilisikia nikanyamaza.

Dancun alitutazama kwa zamu. Hakutukana, na ningependa angetukana. "Mzee, ungeniambia tu," akasema. "Miaka yote hii. Ningemuuliza huyu msichana, basi. Ningeona aibu gani?" Kisha akageuzia uso ukutani, akasema amechoka. Machungwa tuliyomletea tuliyaacha juu ya meza. Sijui kama atayala.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kwaya imeimba vizuri. Baba alikaa mstari wa mbele, macho kwenye midomo ya waimbaji.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Nimeamua siendi chuo. Nimemwambia mama jikoni. Nikamweleza kwamba nitakuwa namkabili baba kila anaposikiliza, tochi ashike mtu mwingine, na hakuna atakayeumia tena.

Mama hakuacha kukuna nazi. "Mimi nimekuwa masikio yake miaka mitatu," akasema. "Mlango ukibishwa, mimi. Simu ikilia, mimi. Kanisani, sokoni, mimi. Nampenda, nitaendelea. Lakini mimi ni mkewe, nilikula kiapo. Wewe ulikula kiapo gani?"

Nikasema mtu hawezi kumwacha mzazi wake.

"Sijakwambia umwache."

Ijumaa, 25 Aprili

Habari imeenea stendi nzima, na imeenea na nyongeza zake. Wiki hii malori matatu tu. Dereva mmoja alipunguza mwendo, akatuangalia, akaenda kwa jirani. Baba alimwona. Alifagia gereji iliyokwisha fagiwa.

Shangazi Gladys amekuja jioni. Nikamwambia uamuzi wangu, nikitarajia vita. Akaniomba daftari hili, akasoma ukurasa wa tarehe mbili, ule wa Kisauni, akanirudishia. Amesema tu, "Umeandika ulichagua ukiwa nje ya ukuta. Sasa waniambia umechagua tena. Haya."

Jumatatu, 28 Aprili

Leo limetokea jambo.

Saa nne alikuja dereva wa lori la simenti, tusiyemjua. Injini inagonga. Stendi kulikuwa na madereva kama saba wanakunywa chai kwa jirani, na nilijua wote wanatazama kwa pembe ya jicho. Baba akachukua nondo. Hakuiweka sikioni wala menoni. Akanipa mimi.

Nikadhani ataka nimshikie. Akanielekeza kwenye injini.

Nikasikiliza. Ilikuwa injekta ya nne, ile inyunyizayo dizeli, wala haikuhitaji nondo. Nikaitoa sikioni nikanyamaza, nikamtazama baba, maana fundi ndiye hutangulia kusema.

"Sema," akasema baba.

Mdomo haukufunguka. Naapa haukufunguka.

"Sema, Kafedha. Hawa wote wajua mimi sisikii. Nangoja."

Nikasema, "Injekta ya nne."

Dereva akamtazama baba. Baba akamwambia, "Umesikia? Mimi sikusikia. Yeye kasikia." Kisha akakunja mikono ya shati akaifungua ile injekta mwenyewe, na mikono yake haijapoteza kitu, mikono ile ingeifungua gizani. Ilikuwa yenyewe. Kwa jirani nikasikia mtu akisema, "Haya." Si makofi, ni "haya" tu. Baada ya chakula cha mchana kulikuja lori jingine.

Nikamwambia mama, waona? Nilisema nibaki. Mama akaendelea na nazi zake.

Ijumaa, 2 Mei

Niliporudi kutoka kisimani nimemkuta baba mezani amevaa miwani, kalamu mkononi. Baba huandika kwa nadra, kama mtu anayechonga. Mbele yake ilikuwa fomu ya chuo. Nilikuwa nimeificha chini ya godoro.

Sahihi ilikuwa tayari pale chini. Juu palipoandikwa jina la mzazi aliandika Nyale Changawa. Palipoandikwa kazi ya mzazi alikuwa ameandika, kwa herufi kubwa, akapitisha kalamu mara mbili ili isifutike: FUNDI WA MALORI. SISIKII.

"Baba, mimi siendi," nikamwambia, midomo mbele yake. "Jumatatu uliona mwenyewe. Tukiwa wawili tunaweza."

"Niliona." Akavua miwani. "Ndiyo maana nikaijaza. Siku ile uliposema, nilifurahi hadi nikaogopa. Nikaona nitazoea. Ukikaa hapa, utakuwa sikio langu. Na sikio, mwanangu, haliwi fundi. Sikio huambiwa litege, basi."

"Na wewe utabaki na nani?"

Swali lilikuwa lake, na alilitambua. Akatabasamu kidogo. "Nina Menza. Tangu leo atalipwa kwa kupayuka." Kisha akasema lile ambalo nililia baadaye nikiwa peke yangu: "Sheria ile hapa niliiweka mimi. Alinifunza mzee wangu wa ufundi, nami nikaiona ni heshima. Haikuwa heshima. Imemvunja Dancun mguu. Nenda mahali ambapo haifunzwi."

Karatasi ya Mwalimu Jalila, ile ya mafundi wa zamani, nimeikuta imekunjwa ndani ya sanduku la spana. Sikumwuliza.

Jumatatu, 5 Mei

Nimeripoti. Mvua kubwa, viatu vimejaa maji. Nimepewa bwelasuti inayowatosha watu wawili.

Jumanne, 20 Mei

Siku nyingi sijaandika. Tunasoma umeme wa gari na nambari za makosa. Mambo mengi nayajua kwa mkono na siyajui kwa jina, mengine kinyume chake. Mwenzangu mmoja ajua majina yote na hajawahi kushika spana. Tunafunzana.

Jumamosi nilikwenda Voi kumwona Dancun. Anatembea kwa magongo. Alinikaribisha chai na hakutaja gari. Nilipoaga akasema, "Mwambie mzee ile kliniki ya masikio aende kweli, asidanganye." Bado hajatusamehe, nadhani, lakini amejua kwamba baba amepangiwa kliniki, na hilo lazima kamwuliza mtu.

Ijumaa, 13 Juni

Mvua inaisha. Leo manyunyu tu, na asubuhi jua.

Mwalimu Jalila ametuwashia injini moja leo akatuuliza kasoro, bila kidude. Watu wakatazamana. Mimi niliijua tangu ilipounguruma mara ya kwanza, na nilikaa kimya, nikingoja yeye aseme. Hata sikujua kwamba nangoja. Ndipo nikakumbuka kabini ya Dancun, na mgongo wa baba kwenye ndoo. Nikanyoosha mkono. Nikasema. Nilikuwa nimekosea: nilitaja vali, kumbe ni mnyororo wa muda, ule unaozipangia vali zamu za kufunguka, umelegea. Mwalimu hakunipa tochi. Alisema, "Umekosea mapema, tuna wakati wa kutengeneza," akaendelea.

Jioni nilimwandikia baba ujumbe. Baba hakuwa mtu wa ujumbe, simu yake ilikuwa ya kupokea tu, lakini siku hizi kupokea hakuna maana, basi Menza amemfunza. Anaandika kwa kidole kimoja na jibu la mistari miwili huchukua kikombe kizima cha chai. Nikamwandikia: leo nimesema mbele ya mwalimu, nimekosea, ulikuwa mnyororo wa muda.

Nikangoja. Jirani wa bwenini akapika, akala, akaosha sufuria.

Likaja jibu: "Mnyororo huo mimi sijapata kuusikia. Ulikuwa ukiliaje? Tangulia wewe, mimi nasoma."